Dirisha la usimamizi wa diski halifunguki kwenye seva ya chama chetu, Kirumba

Mtunza Kumbukumbu, Kirumba

Ndugu wataalamu, habari za kazi. Ninasimamia kompyuta za chama cha ushirika cha wafanyabiashara wa dagaa hapa Kirumba, Mwanza, jirani na soko la Mwaloni, na ninaomba ushauri wenu juu ya tatizo lililonikwamisha. Tuna seva moja inayotumia Windows Server 2016, na ndani yake kuna hifadhidata ya mizani, risiti za wanachama na picha za stakabadhi za mizigo inayosafirishwa nje ya mkoa. Diski D inakaribia kujaa, nami nilitaka kuiongezea nafasi kutoka kwenye sehemu ambayo haijagawiwa. Nikiandika diskmgmt.msc, amri ya kufungua usimamizi wa diski, dirisha linatokea, lakini ndani hakuna kitu, ila maneno yanayoeleza kwamba linajaribu kuunganishwa na huduma ya diski, ile inayojulikana kwa kifupi kama vds. Mara nyingine hukaa hivyo muda mrefu kisha hutoa ujumbe kwamba limeshindwa kuunganishwa. Mara nyingine huganda kabisa, nami hulazimika kulifunga kwa nguvu.

Kazi nyingine zote zinaendelea. Makarani wanapima, risiti zinachapishwa, na watumiaji hawajalalamika. Seva ina diski kadhaa za ndani zilizo chini ya kidhibiti cha RAID (kinachounganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja), na pia kuna diski ya nje ya USB ambayo huchukua nakala rudufu kila usiku. Umeme hukatika mara kwa mara eneo letu, lakini tuna UPS.

Jirani mmoja anayefanya kazi hizi amenishauri niendeshe chkdsk, amri ya kukagua na kurekebisha makosa ya diski, kwenye diski zote, kisha niwashe seva upya. Kabla sijafanya hivyo ningependa kusikia maoni yenu, kwa sababu mitumbwi inayotoka Ukerewe na visiwa vingine huleta mzigo alfajiri, na mwanachama hawezi kuambiwa asubiri hadi mchana ndipo dagaa wake wapimwe.

Fundi wa Seva, Nyegezi

Ndugu yangu wa Kirumba, umefanya vema kuuliza kwanza. Ninakuomba usiendeshe chkdsk kwa sasa, wala usiizime seva hiyo, mpaka uwe na nakala ya data mahali pengine palipo salama. Nitaeleza sababu, maana naona watu wengi hulitibu dirisha hili kama programu iliyoharibika, ilhali mara nyingi lenyewe ni zima na linachofanya ni kumsubiri mtu asiyejibu.

Dirisha la diskmgmt.msc halisomi diski moja kwa moja. Linaiuliza huduma ya vds, na huduma hiyo huamka pale inapohitajika, ikaanza kupitia kila diski iliyounganishwa na seva: za ndani, za USB, hata zile zinazofikiwa kupitia mtandao kwa iSCSI. Diski moja ikichelewa kujibu, vds huisubiri, na dirisha nalo huisubiri vds. Kwa hiyo dirisha jeupe lililoganda ni dalili inayopaswa kukufanya ushuku diski kwanza, kabla ya kushuku mfumo endeshi. Ukizima seva yenye diski inayokufa, huenda diski hiyo isiamke tena. Na chkdsk ikiendeshwa kwa kigezo cha /r husoma kila eneo la diski kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kwa diski iliyochoka hiyo ni kazi nzito kuliko zote, na hufanya hivyo kabla wewe hujaokoa chochote.

Anza kwa kuangalia bila kugusa. Fungua Event Viewer, programu ya Windows inayoonyesha kumbukumbu za matukio, ingia kwenye kumbukumbu za System, kisha tafuta matukio yenye namba 7, 11, 51, 129 na 153. Namba 7 ina maana kwamba kuna eneo bovu kwenye diski. Namba 153 ina maana kwamba ombi la kusoma au kuandika lilishindikana likarudiwa, na kwa kawaida ujumbe wake hutaja namba ya diski. Namba 129 ina maana kwamba kifaa kilinyamaza muda mrefu mpaka Windows ikalazimika kukianzisha upya. Hapo angalia jina la chanzo kilichoandika tukio, kwa kuwa litakuonyesha ni njia gani yenye matatizo.

Kisha fungua PowerShell, dirisha la kuandikia amri, kama msimamizi na uandike amri hii:

Get-Disk | Select Number, FriendlyName, BusType, HealthStatus

Amri hii haipiti kwa vds. Inatumia mfumo mpya wa kusimamia hifadhi ambao Microsoft waliuleta na Windows Server 2012, kwa hiyo inaweza kukujibu hata pale dirisha linapokataa. Usijaribu diskpart, amri nyingine ya kugawa diski, badala yake, kwa sababu diskpart nayo inaitegemea vds na itakwama palepale. Tuletee majibu utakayoyapata.

Msimamizi wa Maabara, Ilemela

Ninaongeza jambo dogo. Kuna wakati kosa huwa kwenye kumbukumbu za mtumiaji mmoja tu. Ingia kwa akaunti nyingine yenye mamlaka ya usimamizi na ujaribu kulifungua dirisha. Likifunguka vizuri, basi faili zilizo katika folda ya %APPDATA%\Microsoft\MMC za akaunti yako (MMC ni programu inayobeba madirisha ya usimamizi kama hili) ndizo zilizoharibika, na unaweza kuzihamisha kando ili zitengenezwe upya. Hakikisha vilevile kwamba huduma ya vds haijawekwa kwenye hali ya Disabled. Hali yake ya kawaida ni Manual, kwa hiyo usishangae ukiikuta imelala. Kama faili za mfumo wenyewe zimeharibika, amri ya DISM ikifuatiwa na sfc /scannow, ambazo hukarabati faili za Windows, ndiyo njia ya kawaida, ingawa nakubaliana na mwenzangu wa Nyegezi kwamba hiyo si hatua ya kwanza hapa.

Fundi wa Seva, Nyegezi

Nakubali, dada, jaribio la akaunti ya pili halina madhara na linachukua muda mfupi. Kinachonifanya niegemee upande wa diski ni kule kuganda. Faili za MMC zikiharibika, mara nyingi hutokea ujumbe wa kosa mara moja, tena unaotaja kwamba kipengele fulani hakikuweza kupakiwa. Huyu ndugu anapata ukimya mrefu.

Mtunza Kumbukumbu, Kirumba

Nawashukuru sana wote. Nimejaribu kwa akaunti ya pili na hali ni ileile. Huduma ya vds iko kwenye Manual, na sasa inaonyesha kwamba inaanza lakini haimalizi kuanza.

Katika Event Viewer nimekuta matukio mengi ya 153 yanayotaja diski namba 2, na kati yake yamo ya 129 ambayo chanzo chake kimeandikwa UASPStor. Hakuna hata moja lenye namba 7. Amri ya PowerShell ilichelewa sana lakini hatimaye ilijibu: diski 0 na diski 1 ni za aina ya RAID na afya yake ni njema, na diski 2 ni ya aina ya USB. Hiyo ndiyo diski yetu ya nakala rudufu. Je, niichomoe?

Fundi wa Seva, Nyegezi

Sasa picha imekamilika. UASPStor ni kiendeshi (driver) cha Windows kwa ajili ya diski za USB zinazotumia itifaki ya UAS, kwa hiyo matukio hayo ya 129 hayahusiani na RAID yako hata kidogo. Anayeifanya vds isubiri ni diski ya nje, au kebo yake, au umeme unaoilisha.

Hata hivyo, ninaomba utazame upande wa pili wa habari hii, ambao kwangu ni mzito kuliko dirisha lenyewe. Diski inayokufa ndiyo hiyohiyo iliyobeba nakala zako za kila usiku. Maana yake ni kwamba kwa kipindi ambacho matukio hayo yamekuwa yakiandikwa, hujui kama nakala hizo zinaweza kurejeshwa. Ukiingia kwenye kumbukumbu za Windows Server Backup, au programu yoyote mnayoitumia, utaona ni lini nakala ya mwisho ilikamilika bila kosa. Mpaka hapo, chukulia kwamba chama hakina nakala.

Kwa hiyo leo, kabla ya kuichomoa, toa nakala mpya na uipeleke kwenye kompyuta nyingine kupitia mtandao. Hifadhidata usiinakili kwa kuburuta faili, kwa sababu iko wazi na inatumika. Tumia amri ya nakala iliyo ndani ya programu ya hifadhidata yenyewe. Picha na risiti unaweza kuzinakili kwa robocopy, amri ya Windows ya kunakili faili, lakini uweke /R:1 (irudie mara moja tu) na /W:1 (isubiri sekunde moja). Usipoweka, robocopy ikikutana na faili isiyosomeka itarudia mara milioni 1, ikipumzika sekunde 30 kila mara, nawe utadhani imekwama.

Ukishamaliza, tumia ile alama ya kutoa kifaa cha USB kwa usalama. Ikikataa, hakikisha tu kwamba kazi ya nakala ya usiku imesimamishwa, kisha uichomoe. Usihangaike kuiua vds kupitia Task Manager kabla ya hapo, kwa kuwa mchakato unaosubiri jibu la kifaa hauwezi kufa mpaka kifaa kijibu au kiondoke.

Msimamizi wa Maabara, Ilemela

Neno moja kuhusu hizo diski 0 na 1 zenye afya njema. Kidhibiti cha RAID huionyesha Windows diski za kimantiki tu, yaani zile inazoziunda kwa kuunganisha diski halisi, na diski halisi zilizo nyuma yake huwa hazionekani. Kwenye RAID 5, mpangilio unaovumilia diski moja kufa, diski moja inaweza kuwa imekufa na PowerShell bado ikaandika Healthy, kwa sababu data bado inasomeka. Tafadhali nenda mbele ya seva utazame taa za kila diski, na ufungue programu ya kidhibiti iliyotoka kwa watengenezaji wa seva. Pia, kwa sisi tunaoishi kando ya ziwa, kagua matundu ya hewa, hasa baada ya yale majira ambayo wadudu wa ziwani hufuata taa usiku kwa wingi, kwani hujazana kwenye feni na joto la diski hupanda.

Mtunza Kumbukumbu, Kirumba

Nimefuata maelekezo yenu kwa utaratibu mliousema. Nakala ya hifadhidata na ya picha ziko kwenye kompyuta ya mhasibu. Diski ya USB ilikataa kutolewa kwa usalama, nikasimamisha kazi ya usiku na kuichomoa. Muda mfupi baadaye huduma ya vds ilimaliza kuanza, na dirisha likafunguka bila kuwasha seva upya. Makarani hawakujua kwamba kuna jambo lilikuwa likiendelea. Taa za diski zote za RAID ni za kijani, na programu ya kidhibiti haikuonyesha kosa.

Kuhusu nakala za usiku, mashaka yako yalikuwa ya kweli. Kumbukumbu zinaonyesha kwamba zimekuwa zikianza na kukatishwa njiani kwa muda sasa, na hakuna aliyekuwa akipokea taarifa.

Fundi wa Seva, Nyegezi

Nimefarijika kwamba data iko salama. Diski hiyo usiirudishe hata kama itasomeka kwenye kompyuta nyingine. Nunua mbili badala ya moja, uzibadilishe kwa zamu, na ile isiyo kazini isilale chumba kimoja na seva. Kama mna ofisi ndogo Sengerema, tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025 hamsubiri tena kivuko kuipeleka. Kisha, kabla ya mwisho wa wiki, jaribu kurejesha mwezi mmoja wa risiti kutoka kwenye nakala mpya kwenda kwenye kompyuta ya majaribio, na umwombe mhasibu alinganishe jumla na vitabu vyake.

Kuhusu D, sasa unaweza kuendelea na kazi uliyokusudia. Nafasi isiyogawiwa inapaswa kuwa mara tu baada ya D, upande wa kulia. Ikitenganishwa na sehemu nyingine, chaguo la kuongeza halitafanya kazi. Na kama diski hiyo iliwekwa kwa MBR, mfumo wa zamani wa kugawa diski, hutaweza kuvuka TB 2 hata nafasi ikiwepo. Tuandikie kama utakuta mojawapo ya hayo.