Noah yangu iko na makelele, nibandike nini mu tole?

Mwana-Katuba: Jambo bayaya, munisaidie kidogo. Niko na Noah, kila wiki nafanya Lubumbashi-Likasi, kilometa 120 hivi, nikifika kichwa inauma juu ya makelele, bibi akisema kitu kule nyuma najibu tu ndiyo ndiyo hata sijasikia. Fundi moja anataka anifunikie gari yote na gudroni ya paa ya nyumba, bei chini. Mwingine anasema butili, ile mupira ya kubandika yenye alumini juu, lakini feza yake sasa! Nichukue gani?

Fundi-Kamalondo: Mudogo, gudroni ya paa wacha. Niliona gari moja walibandika mu plafon, kufika mwezi wa kumi na hii jua yetu ikalegea, harufu ikajaa ndani, siku tatu nzima tunakwangula. Butili inavumilia joto. Na hauna haja ya kufunika tole yote, gonga na kidole, pale inalia ngooo kama sufuria njo unabandika, robo ya tole inatosha. Osha na alkoli mbele, kisha kandamiza na rulo mpaka ishike kabisa.

Shofa-wa-Noah: Mi niliweka butili chini kote na kelele ya pine ikabakia pale pale. Feza imekwenda bure.

Fundi-Kamalondo: Juu butili inazuia tole kutetemeka, haizuie sauti kupita. Kwa pine unalaza mupira muzito wa vinili, kilo 5 hivi kwa meta mraba, juu ya musi (sponji) isiyokunywa maji. Ya matela hapana, inalowana na tole inaoza.

Mama-Ruashi: Mbele ya kutoa feza angalieni mipira ya milango!! Funga mulango na karatasi katikati kisha vuta, ikitoka bila kushikwa upepo unapita pale. Yangu nilibadilisha tu mipira na nikapumua. Halafu tundu za chini ya mulango musizizibe, maji ya mvua inatokea pale.

Mwana-Katuba: Mama, karatasi imetoka yenyewe mulango wa kusukuma, hata sijavuta. Na nimegonga tole yake, inalia kama bido tupu. Basi mipira kwanza, kisha butili kidogo ya ile mulango, vinili itangoja mwisho wa mwezi. Bibi simwambie bado, akijua nitaanza kumusikia nitapata safari ingine kabisa 😂