Mjadala: Kaya za vilimani zifunguliwe kwa wapandaji, au njia ibaki ya wazee?

Mleta mada:
Wadau, makundi ya matembezi kutoka mjini yamechoka milima ya kawaida. Sasa wanazitamani kaya zetu, misitu mitakatifu ya Wamijikenda wa pwani ya Kenya: Ribe, Kambe, Jibana, Rabai. Siwalaumu. Unaacha jua la barabarani, unashika kijia chembamba kinachopanda chini ya miti mikongwe, unapita palipokuwa na lango, na ndani kabisa unakuta uwazi mtupu. Hapo palikuwa mji. Wamijikenda walijenga humo tangu karne ya 16, msitu ukiwa ndio ukuta wao, na kufikia miaka ya 1940 walikuwa wameshahama. Nyumba zilikuwa za miti na nyasi, zimerudi udongoni. Yamebaki makaburi, na fingo, kago la kulinda mji, lililofukiwa ambalo mgeni atalikanyaga bila kujua.

Mimi nasema zisifunguliwe. Msiniletee mfano wa Kaya Kinondo, iliyofunguliwa kwa watalii. Kule ni tambarare, hoteli za Diani ziko jirani, na mgeni hufungwa kaniki akaongozwa na mwenyeji. Wazee wenyewe waliridhia. Huku kwetu mzee huletewa habari mambo yakishaiva.

Kijana wa Kaloleni:
Mkuu, kaya hazimalizwi na watalii. Zinamalizwa na shoka, tanuri la mkaa na machimbo ya mawe. Zamani neno la mzee lilitosha, hata tawi kavu halikutoka msituni. Leo? Serikali ilianza kuzitangaza kuwa turathi za taifa mwaka 1992, UNESCO ikaziorodhesha 2008, lakini tangazo halipigi doria. Kijana anayelipwa kuongoza wageni atapita njia ile kila siku, na akisikia shoka atauliza ni la nani.

Msomaji wa zamani:
Wageni tunawajua. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza, mama wa Kigiriama aliyeongoza upinzani dhidi ya Waingereza, aliwalisha watu kiapo Kaya Fungo, mwaka uliofuata Waingereza wakailipua kwa baruti. Halafu vigango vya Wagiriama, zile nguzo za kuwakumbuka marehemu: viliibwa kwenye miji ya watu vikaishia makumbusho ya Marekani, viwili vikarudi 2007. Mwizi hakuota vilipo. Kuna mtu alimwonyesha njia, na huenda alilipwa kidogo tu.

Mama wa Rabai:
Wanangu, mnagombania njia, mwenye njia je? Kilifi hii mvi zimekuwa kesi. Wazee wanauawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi ukichimba unakuta shamba. Leo mnataka mzee huyohuyo avae shuka awapokee wageni, apigwe picha. Muulizeni kwanza kama usiku analala.

Mleta mada:
Mama, hilo limenikata maneno. Na la mkaa, Kijana, nakupa, nimeuona moshi kwa macho yangu.

Basi nilegeze kidogo. Njia izunguke msitu kwa nje na iishie langoni. Ada iingie mfuko wa kaya, vijana wa doria walipwe humo. Kuvuka lango ni ruhusa ya mzee, siku hiyo, kwa watu hao. Na simu zibaki nje, hilo sijadili.

Kijana wa Kaloleni:
Na mzee akikataa, watu wameshalipa na wametoka Nairobi usiku kucha?

Mleta mada:
Warudishiwe pesa, washuke.

Kijana wa Kaloleni:
Hapo ndipo mpango utakapofia.

Mama wa Rabai:
Ufe.