Ushirika wetu unataka kujenga pawa steshoni ya gesi, nichange ama niache?

MtuWaTororo: Wakubwa habari zenu, naombeni ushauri wa haraka. Tuko na chama cha ushirika hapa Tororo, Uganda, tulianza na mahindi, siku hizi tunakopeshana pia, sasa juzi mwenyekiti kaleta jamaa wa suti na laptopu, anatuambia tujenge pawa steshoni ya gesi asilia, kombaindi saiko, megawati 50, eti Marekani vyama vya ushirika vinaendesha mitambo hiyo. Kila mwanachama atoe milioni 2, mwisho Jumamosi. Mke wangu anasema hizo ni karo za watoto. Nitoe?

fundi_mvuke: Kwa mtambo hajawadanganya. Gesi inazungusha turbaini ya kwanza, ule moto wa ekzosi badala ya kupotea hewani unachemsha maji, mvuke unazungusha turbaini nyingine, ndo maana unaweza kugeuza karibu asilimia 60 ya nguvu ya gesi kuwa umeme, wakati turbaini peke yake inaishia 35 au 40 hivi. Dar wako nao, Kinyerezi II, megawati 240. Lakini wao wana bomba kutoka kusini. Nyinyi gesi mtaitoa wapi?

MtuWaTororo: Alisema italetwa na malori

fundi_mvuke: 😂😂 banange! Nimepiga hesabu hapa, megawati 50 usiku na mchana inakula kama tani 170 za gesi KILA SIKU. Hiyo barabara ya Malaba unaijua vile iko.

Senga_Busia: Hilo la Marekani ni kweli ila hamkumaliziwa hadithi mwanangu. Old Dominion wenye mtambo wa Wildcat Point kule Maryland ni muungano wa vyama 11 vinavyouza umeme kwa wanachama wao wenyewe, mita ziko, bili zinalipwa, benki inakopesha ikiangalia hizo bili. Nyinyi mna mita ngapi? Hata hapa kwetu ushirika wa Bundibugyo na ule wa Pader-Abim kazi yao ilikuwa kusambaza umeme, si kuuzalisha. Muulize huyo wa suti leseni ya ERA, wale wasimamizi wa umeme, iko wapi, na UETCL, kampuni ya serikali ya kusafirisha umeme, wamekubali kununua huo umeme kwa maandishi?

boda_injinia: megawati 50 haijengwi chini ya dola milioni 50, mko wangapi kwani

MtuWaTororo: Tuko 340 😅 Senga asante. Nimempigia katibu sasa hivi, hata yeye hajalipa.

Senga_Busia: Na mwenyekiti?

MtuWaTororo: Simu haishiki