Sebule ya mita 5 kwa 4, dari mita 2.7: nichukue taa za Kelvini ngapi na nyuzi ngapi?

kivuli_cha_dari
Habari wakuu. Sebule imeungana na jiko bila ukuta kati, dari ni ya jipsamu. Nataka taa za LED za kuzamisha darini. Kwa rangi ya mwanga (Kelvini, K) zipo za 3000K (manjano), 4000K (nyeupe) na 6500K (samawati), na kila moja ina pembe ya kutawanya mwanga ya nyuzi 24, 36 au 60. Fundi anapendekeza sita za 6500K, nyuzi 36. Matundu bado hayajatobolewa. Mnasemaje?

mpimaluksi
Anza na pembe na mpangilio. Rangi ukiikosea unabadilisha balbu, ila tundu la dari halihami.

Upana wa duara la mwanga = 2 × umbali × tan ya nusu ya pembe. Usipime hadi sakafuni, pima hadi usawa wa meza (sm 75), yaani umbali wa mita 1.95. Hapo nyuzi 24 zinatoa duara la mita 0.83, nyuzi 36 mita 1.27, nyuzi 60 mita 2.25.

Weka taa nane, safu mbili za nne. Kwa urefu wa chumba zipishane mita 1.25, safu na safu mita 2, na kutoka ukutani nusu ya vipimo hivyo. Ukitumia nyuzi 36, kati ya safu na safu kunabaki ukanda hafifu wa sm 70 na zaidi, na kuta zinabaki na giza. Ukitumia 60, maduara yanapandana. Ukingo wa duara si mwisho wa mwanga, bali ni pale ukali wake unaposhuka hadi nusu ya ule wa katikati.

Wingi wa mwanga hupimwa kwa lumeni, na luksi ni lumeni kwa kila mita ya mraba: mita za mraba 20 × luksi 150 = lumeni 3,000. Ongeza nusu yake kwa sababu ya mwanga unaomezwa na kuta, vumbi na uchakavu, upate 4,500. Kila taa iwe na lumeni 560 hivi. Wati zisikuongoze, zinaonyesha umeme unaoliwa tu.

Saketi
6500K sebuleni, hapana mkuu. Ni mwanga wa samawati, na ukiupunguza usiku haugeuki manjano kama wa balbu ya waya, chumba kinakuwa kijivu. Chukua 3000K.

Angalia pia CRI (kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi za vitu kwa uhalisia, hadi 100) kwenye boksi, iwe 90 au zaidi. Nyingi za 80 ni dhaifu kwenye wekundu, ndiyo maana nyuso huonekana zimepauka. Nunua zote kwa pamoja na mbili za akiba, toleo moja: 3000K ya toleo jingine inaweza kuelemea pinki au kijani, na darini zikikaa jirani utaona.

meza_ya_jiko
Naongezea jiko. Taa ya katikati ya dari inakuwa mgongoni mwako, kwa hiyo unakatia vitunguu kwenye kivuli chako mwenyewe. Funga utepe wa LED chini ya kabati, karibu na ukingo wa mbele, ndani ya reli ya alumini yenye kifuniko cha ukungu. Bila reli joto halitoki na utepe unafifia mapema. 4000K hapo inafaa, mradi iwe na swichi yake.

Saketi
Kwa jiko lililo wazi kwa sebule mimi ningebaki 3000K hata kwenye utepe. Rangi mbili zikionekana kwa pamoja, ile ya manjano hufanana na uchafu.

kivuli_cha_dari
Asanteni. Nina dima (swichi ya kupunguza mwanga) ya zamani, na picha moja ukutani ya kumulika.

mpimaluksi
Soma kima cha chini cha wati ambacho dima inahitaji. Ikiwa ni wati 60 na taa zako zote hazifiki 50, zitapepesa au hazitazimika kabisa. Tafuta dima ya LED, na taa ziwe zimeandikwa kwamba zinakubali kupunguzwa.

Picha: taa ya kuinamisha yenye pembe ya nyuzi 24, iiname nyuzi 30 kutoka wima. Kitovu cha picha kikiwa mita 1.55 kutoka sakafuni, tundu liwe sm 66 kutoka ukutani. Ukilisogeza karibu zaidi, fremu itatupa kivuli juu ya picha.