Mashua haipandi upepo wa kusi: tatizo ni tanga, farumi au usukani?

mshika_kana aliuliza:

Wakuu, salaam. Naomba msaada kwa wanaojua vyombo vya tanga.

Mashua ni ya futi 24, mlingoti mmoja, tanga jipya la turubai. Upepo ukiwa wa ubavuni inakimbia vizuri. Shida ni kubisha, yaani kwenda kinyume na upepo kwa kukata pande. Kwa kusi hii (upepo wa kutoka kusini), kutoka Nungwi kushuka Mkokotoni huku Unguja, gubeti (sehemu ya mbele ya chombo) linaelekea juu kwenye upepo lakini chombo chenyewe kinakwenda upande kama kaa. Kana (mkono wa usukani) nayo lazima ivutwe joshini, upande upepo unakotoka, kwa nguvu muda wote, ukiilegeza kidogo tu gubeti linakimbilia upepo. Farumi, yaani uzito wa kutuliza chombo, ni viroba 8 vya mchanga vya kilo 50, vyote vimepangwa mbele ya mlingoti ili katikati pabaki pa mzigo. Fundi mmoja anasema usukani ni mdogo, ukatwe mwingine mpana zaidi. Ni kweli?

Halafu wakati wa kugeuza, vijana wanakatisha gubeti kwenye upepo, na tanga linagandama kwenye mlingoti. Utaratibu sahihi ni upi?

fundi_wa_ngama alijibu:

Usukani uache kwanza. Kilo 400 mbele ya mlingoti kwenye chombo cha futi 24 ndiyo maradhi yenyewe. Gubeti limezama, fashini (mti wa nyuma) imeinuka, kwa hiyo mbele kunashika maji na nyuma kunateleza. Upepo ukisukuma, tezi (nyuma ya chombo) inakwenda demanini, upande upepo unakoelekea, na gubeti linageukia upepo. Wewe unapambana nayo kwa kana, na usukani ukikaa upande namna hiyo unakuwa breki. Ukiweka mpana zaidi utapata breki kubwa zaidi.

Hamisha viroba 6 nyuma ya mlingoti, vilale chini kabisa kandokando ya mkuku (mti wa chini wa chombo), viwili vibaki mbele. Usizibe ngama, yaani pa kutekea maji, mchanga ukivuja ngama inajaa tope na ndoo haichoti kitu. Vifunge kwa wavu, maana kiroba kikihama chombo kikiwa kimelala, hakirudi chenyewe. Kisha itazame mashua ikiwa imetulia majini bila watu: fashini izame kidogo kuliko gubeti, kama vidole vinne hivi. Ikibaki nzito kwenye kana, songeza viwili vingine. Ukizidisha utaona kinyume chake, gubeti linakataa kupanda na linaangushwa na kila wimbi. Hapo rudisha kimoja.

Kama hata baada ya hapo kana inavuta, ndipo uangalie mlingoti. Kabari za pale unapopita kwenye ubao zikilegea, mlingoti unaegemea nyuma na tanga linarudi nyuma pamoja nao. Unatakiwa uiname mbele kidogo.

bisha_mbili alijibu:

Naongezea hesabu, kwa sababu watu wengi hawajui kuteleza demanini kunakula kiasi gani.

Simama tezini utazame mkondo wa povu unaoachwa nyuma. Kama chombo hakitelezi, povu linanyooka na mkuku. Nyoosha mkono, kunja ngumi: upana wa ngumi ni takriban nyuzi (digrii) 10. Povu likiegemea joshini kwa ngumi moja na nusu, unateleza nyuzi 15.

Tuseme gubeti limekaa nyuzi 60 kutoka kwenye upepo, ambayo kwa mashua si mbaya hata kidogo. Ongeza 15 za kuteleza, njia yako ya kweli ni nyuzi 75. Kwa mwendo wa noti 4 (maili 4 za baharini kwa saa), unapanda upepo kwa noti 1 tu. Kila maili 10 za moja kwa moja utazilipia karibu maili 39 za kubisha. Ukipunguza kuteleza hadi nyuzi 5, unapanda kwa noti 1.7 na zile 39 zinakuwa kama 24. Na wakati wa kusi mkondo wa pwani yetu unakwenda kaskazini. Ukikutana na hata noti 1 ya mkondo usoni, mashua ya kwanza, ile inayoteleza nyuzi 15, imesimama pale pale, ingawa maji yanapita ubavuni na kila mtu anaamini mnakwenda.

Tanga nalo lina mchango wake. Watu wakibisha hupenda kukaza demani (kamba ya pembe ya nyuma ya tanga) mpaka mwisho, na hapo tanga linasukuma ubavu badala ya kuvuta mbele. Legeza mpaka ukingo wa mbele uanze kupepea, kisha vuta shibiri moja, basi. Joshi (kamba ya pembe ya mbele) ndiyo ikazwe sana. Turubai jipya linanyooka siku za mwanzo, kwa hiyo lifungue kwenye foromali (boriti inayobeba tanga) ulivute upya, la sivyo tumbo lake linahamia nyuma na kana inazidi kuwa nzito.

fundi_wa_ngama alijibu:

Kuhusu kugeuza: msikatishe gubeti kwenye upepo. Kamba za kushikilia mlingoti ziko joshini. Upepo ukilipiga tanga kutoka mbele, mlingoti unasukumwa upande usio na kamba, na hapo ndipo unapovunjika.

Zungusheni kwa nyuma. Mmoja kwenye kana, mmoja kwenye demani, mmoja kwenye mguu wa foromali (ncha yake ya chini). Legezeni demani huku chombo kikiangushwa (kikigeuzwa kuacha upepo) mpaka upepo uwe tezini. Achieni demani yote, tanga lipepee mbele ya gubeti. Mguu wa foromali uvutwe hadi shinani mwa mlingoti, foromali isimame karibu wima, ndipo ihamishiwe upande wa pili. Mwenye demani anaizungusha kwa mbele. Kamba za mlingoti zihamishwe sasa, kabla tanga halijajaa. Mguu wa foromali urudi mbele na kufungwa chini, kisha demani ivutwe taratibu chombo kikipanda.

Mtapoteza nafasi demanini, kwa hiyo msianze karibu na mwamba. Upepo ukiwa mkali, tueni foromali kwanza.

mshika_kana:

Shukrani sana. Na kuongeza ubao wa ubavuni wa kuzuia kuteleza?

bisha_mbili alijibu:

Unasaidia, ila kwenye mashua ya mzigo unasumbua kila mkigeuza. Anza na tumbo la chombo. Likiota chaza na majani, mwendo unapungua, na chombo kizito kwenye maji kinateleza zaidi. Kipandishe ufukweni maji ya bamvua (yanayojaa na kutoka sana) yakiwa yamejaa, kikwangue yakitoka, kipakwe deheni mpya ya shahamu na chokaa kabla hayajarudi. Kazi hiyo haifanyiki maji mafu (yanayojaa na kutoka kidogo), utabaki na mkuku ndani ya maji. Na ondokeni alfajiri, kusi ikiwa bado laini. Mchana inakaza.