Mrejesho: mngurumo wa studio Malindi umenyamaza, kasoro kidogo

Asanteni nyote mlionijibu. Kwa aliyechelewa: kila rekodi yangu ilikuwa na "mmmm" nzito chini ya sauti, nami nilishaanza kuzilaumu spika.

Kumbe maskini hazikuwa na kosa. Mikisa (mashine ya kuchanganya sauti) ilikuwa soketi ya ukutani, laptopu na spika soketi ya chumba cha pili. Waya wa ardhi (ule wa usalama, unaopeleka umeme uliovuja ardhini) ukawa na njia mbili, ukafanya duara, na umeme wetu wa hezi 50 ukajipenyeza kwenye sauti. Nilichomoa chaja ya laptopu tu, mngurumo ukakatika papo hapo! Sasa vyombo vyote viko kwenye ekstensheni moja, na kebo za spika nimeweka za balansi, zile zenye nyaya mbili za sauti na ngao yake.

Kaka uliyeniambia nikate pini ya ardhi kwenye plagi ili kuvunja duara, samahani, hapana: umeme ukivuja utapita mwilini. Gitaa lina nyuzi za chuma na mwimbaji ana maiki mdomoni. Sitaki maiti studio.

Fundi naye alikuta kiungo cha waya kwenye fimbo ya ardhi kimeliwa na kutu (hewa ya bahari hii), akakibadilisha.

Kimebaki kijidzzz cha taa ya kupunguza mwanga. Naizima nikirekodi. Friji pia, ila mara moja niliisahau, samaki wa mama wakaoza. Tangu hapo ufunguo wa pikipiki nauweka ndani ya friji, nisiondoke bila kuiwasha.