Mimba changa na dawa za grinihausi: niseme kazini au ninyamaze?

Binti_Arua: Ndugu zangu, naomba ushauri. Niko shamba moja la waridi upande wa Entebbe, nakata maua. Mimba ni ya wiki kama saba hivi. Supavaiza hajui. Mikataba yetu ni ya miezi mitatu mitatu, na waliobeba mimba kabla yangu hawakuitwa tena, kwa hiyo nilitaka kukaa kimya mpaka tumbo lionekane. Ila wakipiga dawa asubuhi, mchana tunaingizwa ndani, majani yamejaa unga wa manjano na mikono ya ovaroli inalowa mpaka ngozini. Lebo nimeisoma: mankozebu, dawa ya ukungu, mstari wa kijani. Wenzangu wanasema kijani haina neno, nikazane na maziwa tu jioni.

Mkunga_Mbale: Hongera, dada. Maziwa kunywa, ni chakula, lakini hayaoshi dawa mwilini. Kinachonitisha ni huko kungoja tumbo. Ubongo na uti wa mgongo wa mtoto huanzia kwenye mrija unaojifunga karibu na wiki ya 6, na kufika wiki ya 12 viungo vikubwa vimeshaumbika. Sasa tumbo likionekana utakuwa unakinga nini? Nenda kliniki wiki hii, upewe vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi, na utaje jina la dawa kama ulivyolitaja hapa. Usijitie hofu kwa siku zilizopita, kugusa dawa si lazima mtoto adhurike. Ila kichefuchefu usikisingizie mimba kila mara: ukitoka kazini macho yana ukungu, jasho linakutoka na misuli inarukaruka, kimbia hospitali.

MzeeBomba: Nimebeba bomba mashamba ya maua miaka mingi, hiyo rangi ya kijani naijua. Inapima sumu ya kumwangusha mtu mzima papo hapo. Mimba haimo kwenye kipimo hicho! Mankozebu hiyo hiyo Umoja wa Ulaya ulikataa kuiongezea idhini mwaka 2020, na madhara kwa uzazi yalikuwa miongoni mwa sababu. Waridi wanaendelea kununua, hilo tuliache. Mpiga dawa tunampa barakoa na buti, mkataji anayejipangusa na majani kutwa nzima hapewi hata glavu za maana. Tazama kwenye lebo saa za kukaa nje baada ya kupiga, piga picha, umpe mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Aulize yeye, kwa niaba ya wakataji wote. Jina lako halihitajiki.

Mkunga_Mbale: Hapo mzee umesema. Na akiomba kuhamishwa, aje kwanza na barua ya kliniki. Sheria ya Ajira ya Uganda ya 2006 inakataza kumfukuza mwanamke kwa sababu ya mimba, na inampa siku 60 za kazi za likizo ya uzazi kwa mshahara kamili. Mkataba mfupi ndio mwanya wao, ndiyo maana nasema maandishi yawepo mapema.

Binti_Arua: Asanteni. Lebo inasema saa 24, sisi tunaingia baada ya chakula cha mchana. Nikiomba pakihausi, kule maua yanakofungwa, je?

MzeeBomba: Uliza kwanza kama wanachovya maua kwenye dawa ya ukungu kabla ya kufunga. Kama wanachovya, omba kazi ya kuhesabu na kubandika lebo kwenye maboksi. Na ovaroli isilale chumbani kwako, ifue peke yake, ukiwa umevaa glavu.